Kokwa Thelathini na Nne na Buni Moja

Yeslam alisoma falsafa ya siasa kuanzia nyuma, na mimi sioni kwamba lilikuwa kosa lake. Tangu ujana kazi yake ni kujalidi vitabu, hapa hapa Kuze, Mombasa, katika duka ambalo watu wawili wanene hawawezi kupishana ndani. Vitabu alivyofunzwa kushona na marehemu babake vilikuwa misahafu na vitabu vya chuoni, vyote vya kufunguliwa kutoka kulia. Mkono ukishazoea hauulizi. Siku hizi misahafu inakuja imejalidiwa kutoka ng'ambo, na kazi iliyobaki ni tasnifu za wanafunzi wa chuo kikuu, lakini Yeslam huzilaza karatasi vile vile, akaanza kushona na sura ya mwisho. Gundi yake ya kupika mwenyewe inachelewa kukauka. Kwa kuwa si mtu wa kukaa bure, husoma huku akingoja.

Kwa njia hii amepata elimu ya ajabu. Anayajua majibu ya maswali ambayo hajayaona. Alijua kwamba kaa wa mikoko wamepungua kabla ya kujua walikuwa wangapi, na aliwahi kuniambia kwa uchungu kuhusu mfalme mmoja wa zamani aliyeuawa, kisha baada ya siku mbili akaniambia amezaliwa. Sisi majirani tumemzoea. Nyumba yangu ni ya tatu kutoka dukani kwake, na nimemjua tangu ndevu zake zikiwa nyeusi.

Kazi yake ya pili ni kuwa mzee wa mtaa. Hii haina mshahara, ina muhuri tu, na daftari lenye majina ya nyumba thelathini na nne bila ya kuhesabu yake. Watu wakigombana juu ya bomba la maji machafu linalomwagikia ukuta wa mtu, huitwa Yeslam. Mtoto akifika umri wa kutafuta kitambulisho, afisini huulizwa barua ya mzee wa mtaa inayosema: huyu namjua, ni wa kwetu. Barua hiyo ni mistari minne na muhuri. Asiyekuwa nayo ataambiwa arudi wiki ijayo, na wiki ijayo ataambiwa hivyo hivyo.

Muhuri aliupataje? Babake alikuwa nao. Alipokufa, siku ya kumaliza hitima, chifu wa wakati ule alikuja kutoa pole, na mwishoni mwa dua akasimama na kusema, "Basi nafasi ya marehemu ataishika mwanawe Yeslam, Mungu amsaidie." Msikiti mzima ukaitikia amin. Wengine walikuwa bado wanaitikia dua ya kumwombea maiti, wengine walikuwa washainuka kutafuta viatu. Yeslam akawa mzee wa mtaa kwa amin hiyo, miaka ishirini na mitatu, na hakuna aliyeona ajabu. Mimi pia nilikuwepo, na nilikuwa miongoni mwa wale wa viatu.

Mwaka juzi, katika siku za mwisho za Ramadhani, alikuja Barnabas, mwalimu wa sekondari anayesomea shahada ya pili, na tasnifu yake nakala tatu. Ilihusu jinsi falsafa ya siasa ilivyokua katika karne hizi za karibuni na jinsi ilivyoziathiri katiba za nchi zetu. Yeslam akaianza nyuma kama kawaida. Baada ya siku nne Barnabas alirudi kuzichukua, nami nilikuwa nimekaa pale kizingitini.

"Mwalimu," Yeslam alimwambia, hata salamu hazijaisha, "hawa watu wako wameharibika sana."

"Watu gani, mzee?"

"Wanafalsafa. Walianza vyema, wallahi nilipenda. Walisema mtu akitaka kutunga sheria ya haki, atunge kama ambaye hajui atazaliwa wapi. Hajui ataamkia ghorofa ya juu penye upepo au chumba cha chini ya ngazi. Nikasema, hii ni insafu, haki bila upendeleo. Kisha wakashuka kidogo, wakasema mtawala ni mtawala kwa ridhaa ya wanaotawaliwa. Hilo pia zuri. Mwisho wao wanasema nini? Watu wameogopana, kila mmoja amuona mwenzake mbwa mwitu, basi wampe mtu mmoja nguvu zote ili wapate kulala. Wameanza na insafu, wameishia na hofu."

Barnabas alimtazama, akazitazama zile karatasi zilivyolazwa, akaelewa. Ni mtu mwenye adabu, hakucheka.

"Mzee, umeanzia mwisho. Hofu ndiyo ilikuwa ya kwanza. Ridhaa ikaja baadaye, na hiyo insafu ni ya majuzi tu."

"Una hakika?"

"Ndivyo vitabu vinavyosema."

"Vitabu, haya. Mimi nauliza huko nje."

Barnabas akanyoosha mkono kuzichukua nakala zake. Lakini Yeslam hakumuacha, kwa sababu lilikuwepo neno moja lililomkaa moyoni na halikumpa raha, nalo ni hilo la ridhaa. Alitaka kujua, kwa mujibu wa hao wataalamu, mtu asiyewahi kuulizwa amekubali vipi. Barnabas akamweleza kwamba wapo waliosema kukaa kwenyewe ni kukubali. Mtu akiishi mahali, akapita katika njia zake, akalindwa na sheria zake, basi amesharidhia hata kama hakufungua kinywa.

"Na asiyekuwa na pengine pa kwenda?"

"Hilo nalo liliulizwa, mzee."

"Likajibiwaje?"

"Nimeandika. Ukurasa wa arubaini na mbili."

Lakini ukurasa huo ulikuwa umempita Yeslam, na nakala zote tatu zilikuwa bado zimebanwa, gundi mbichi, na Yeslam hafungui kazi yake kabla ya wakati hata kwa ajili ya ukweli. Barnabas akazichukua zikiwa zimefungwa kamba, akaenda zake. Yeslam alibaki na swali.

Kwa muda wa wiki nzima alikuwa mtu wa kusahau. Alijalidi ripoti moja juu chini. Ukimuuliza, alijibu, "Lile amin, hivi lilikuwa la nani?" Nilimwambia ni la zamani na halina faida kulichimbua. Alinijibu kwamba hata msingi wa nyumba ni wa zamani. Alikuwa ameshikwa kweli kweli. Alitaka kujua, kabla hajafa, kama ule muhuri ameushika kwa ridhaa ya watu au kwa uzito wa mazoea tu. Ilikuwa inamuuma, na yeye hakuficha.

Sikukuu ilipopita, katika Mfungo Mosi, akaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba kuuliza. Hapo ndipo alipofanya kosa lake la kweli, na ni kosa ambalo mtu mzaliwa wa Kuze hakustahili kulifanya. Hapa kwetu mtu hakatazwi usoni. Ukimwomba jirani kitu asichotaka kukupa, atakuambia inshallah, atakutilia kahawa, atakuulizia watoto, nawe utatoka ukijua, na heshima za wote wawili zimesitirika. Sasa mtu mzima wa miaka sitini na saba anabisha hodi na kuuliza, "Mwaniridhia niwe mzee wenu?" Ajibiwe nini?

Bi Saadia, mjane wa nyumba ya pembeni, aliweka mkono kifuani. "Nani alokutia maneno, ami Yeslam? Mwambie aje ayaseme mbele yangu! Wewe ndiwe baba wa mtaa huu."

Salem wa duka la viungo alimshika bega. "Waumwa? Wataka kusafiri? Kama ni safari tuambie, ami, tukuombee."

Kila nyumba ilimridhia, na kila nyumba iliingiwa na wasiwasi. Ikavuma kwamba Yeslam amekasirika. Watu wakaanza kumpelekea vyakula: halwa, kaimati, sinia la pilau kutoka kwa watu ambao mwaka mzima hawakumpelekea hata ndimu. Mkewe, Manar, mwanamke asiyependa maneno mengi, alizipokea sahani zote, akaziosha, akazirudisha. Alipoona zinazidi alimwambia mumewe, "Wamekutia sukari ya kutosha. Sasa umejua nini?"

"Sijajua kitu," alisema Yeslam.

Basi ndipo akaja na ule mpango wa mtungi. Kokwa za tende zilikuwa tele, maana Ramadhani ilikuwa imepita juzi tu. Buni mbichi, punje za kahawa zisizokaangwa, alizinunua sokoni Marikiti. Kila nyumba ikapewa kokwa moja na buni moja. Mtungi wenye shingo nyembamba uliwekwa dukani kwake, juu ya meza, umefunikwa kanga, na kila mtu aliingia peke yake baada ya sala ya alasiri siku ya Ijumaa. Anayetaka Yeslam aendelee atatia kokwa. Anayetaka apumzike atatia buni. Kilichobaki mkononi mtu ataondoka nacho, akakitupe anakojua. Yeslam mwenyewe alikaa nje, ameupa mlango mgongo, na nyumba yake haikupiga kura.

Watu walikuja. Ni jambo jipya, na hapa watu wanapenda jambo jipya mradi liishe kabla ya magharibi. Mimi nilitia kokwa. Sikuwaza sana, niliona tu kwamba lile duka ni lake, mtungi ni wake, na yeye amekaa pale nje kama bwana harusi anayengojea jibu. Nadhani wengi walitia kwa namna hiyo.

Kahindi, muuza kahawa, alikuwa akipita na dele lake la kahawa kama kawaida. Kahindi ni mtu wa kutoka bara ya Kilifi, na kwa miaka ishirini na miwili amekodi chumba cha chini ya ngazi katika nyumba ya Bi Saadia. Kahawa ya mtaa mzima anaikaanga yeye, anaitwanga yeye, na kikombe cha kwanza cha kila alasiri alikuwa akimtilia Yeslam. Siku ile pia alimtilia. Kisha akaingia dukani kukusanya vikombe vilivyoachwa ndani, akatoka, akaendelea na njia yake.

Tulipomaliza, mtungi ukapinduliwa juu ya kitambaa mbele ya watu. Zilihesabiwa kokwa thelathini na nne. Nyumba zote, hakuna iliyokosa. Salem akapiga takbiri, Bi Saadia akapiga kigelegele kutoka dirishani, na Yeslam akaanza kutabasamu. Kisha akautikisa mtungi mara nyingine, kwa uangalifu wa mtu wa kazi yake, na kikadondoka kitu kimoja zaidi.

Ilikuwa buni, nayo ilikuwa imekaangwa.

Salem alisema ni uchafu, itupwe. Mwengine akasema ni ya mtoto mtundu. Yeslam aliiokota. Aliitia kiganjani akainusa. Yeye aligawa buni mbichi, za kijani. Katika mtaa wetu mtu wa kuwa na buni ya kukaanga mfukoni ni mmoja, na jina lake halimo katika daftari.

Lazima niseme sasa jambo ambalo sote tulilijua na hatukulifikiria. Kahindi ana binti, Joy, aliyezaliwa katika chumba kile cha chini ya ngazi na kunyonya humo. Alipotimiza miaka kumi na minane alipata kazi katika ghala moja la samaki huko Liwatoni, ila kazi haianzi bila kitambulisho. Kahindi akaenda kwa Yeslam kuomba barua. Yeslam akasema itabidi aende kwao, kwa mzee wa kijiji chao, ndiye awezaye kumshuhudia. Kahindi akapanda kwao. Mzee wa huko akamwambia msichana huyu hatumjui, amezaliwa Mombasa, nenda kwa mzee wa Mombasa. Kahindi akarudi kwa Yeslam, mara ya pili na mara ya tatu. Yeslam alimwambia, "Inshallah, tutaangalia." Kahindi amekaa Kuze muda wa kutosha kulielewa jibu hilo. Kazi ya Liwatoni akapewa mwengine. Joy alikuwa akimsaidia babake kutwanga kahawa, na kikombe cha kwanza kiliendelea kwenda kwa Yeslam.

Siku ya pili asubuhi Yeslam aliniita nifuatane naye. Nafikiri alitaka shahidi, au alikuwa na haya ya kwenda peke yake. Tukaenda hadi kwa Bi Saadia, tukainama chini ya ngazi. Ni chumba kisichokuwa na dirisha, na dari yake ni vile vidato vyenyewe, mtu akipanda juu unamsikia kichwani. Kahindi alikuwa anapepeta buni kwenye ungo. Alitupa kiti kimoja na ndoo iliyopinduliwa. Yeslam akakaa juu ya ndoo.

"Hii ni yako," alisema, akamuonyesha ile buni.

"Ni yangu, mzee." Hakuikana. Mkono wake uliendelea kupepeta, lakini uso ulibadilika, na niliona ameogopa. Alikuwa na sababu ya kuogopa, chumba ni cha watu.

"Wewe hukupewa."

"Sikupewa. Nilichukua ya kwangu."

"Kwa nini?"

Kahindi akauweka ungo chini. "Nilisikia mwauliza watu kama wanakukubali. Mimi pia napita njia hii. Nikaona nijibu."

Juu yetu mtu alishuka ngazi, vumbi kidogo likaanguka. Sikujua Yeslam alikuwa anawaza nini. Alisema baadaye kwamba alikuwa anafikiria kile chumba cha chini ya ngazi alichokisoma kwenye tasnifu. Alikuwa amekisifu siku nne nzima, na hakikumpitikia akilini kwamba anakijua, kina mlango, na anakunywa kahawa inayotoka humo.

"Wamehesabu," alisema mwishowe. "Thelathini na nne kwa moja. Umeshindwa, Kahindi."

Kahindi alicheka. Kicheko kidogo, hakikuwa cha dharau. "Kushindwa nakujua, mzee. Kuhesabiwa ndiko sikukujua."

Niliona haya, na ninaiona hadi leo. Yeslam alifungua daftari lake pale pale juu ya magoti, akaandika nambari thelathini na tano, akaandika chini yake: Kahindi na binti yake Joy, chini ya ngazi. Kisha akatoa karatasi akaandika ile mistari minne. Muhuri alikuwa nao mfukoni, lakini wino ulikuwa umekauka, ikabidi aupumulie mara mbili tatu ndipo ukashika. Kahindi hakuipokea barua papo hapo.

"Hii ni kwa sababu ya buni?" aliuliza.

"Hii ni ya mwaka jana," alisema Yeslam. "Nimechelewa."

Kitambulisho kilitoka baada ya miezi mitano. Nafasi ya Liwatoni haikungoja, ila Joy alipata nyingine, ya kuandika mizigo katika ghala jengine huko huko, na kila asubuhi tunamuona akipita na kitambulisho chake kimening'inia shingoni ingawa hakuna anayemtaka akivae hivyo. Kahindi naye alibadilisha jambo moja. Kikombe cha kwanza sasa anampa aliyekaa mwanzo wa baraza, yeyote awaye, na Yeslam anapata chake zamu ikimfikia. Mara nyingi kimepoa kidogo. Anakunywa.

Mimi nilidhani mambo yameisha. Lakini mwaka jana, Mfungo Mosi ulipoingia, Yeslam akautoa tena mtungi. Alisema ridhaa si kama tohara, haifanywi mara moja. Safari hii nyumba zilikuwa thelathini na tano, na Manar akasema iongezwe ya thelathini na sita, kwa kuwa nyumba yao nayo inatawaliwa, tena zaidi kuliko zote, na kwa vile mumewe ndiye anayepigiwa kura, atakayetia mkono mtungini ni yeye mkewe. Yeslam hakupata hoja ya kumpinga katika tasnifu yoyote. Kahindi alipewa kokwa moja na buni moja mbichi kama wenziwe. Watu waliingia mmoja mmoja, na safari hii walikaa ndani kidogo zaidi.

Mtungi ukapinduliwa. Kokwa zilikuwa ishirini na saba. Buni zilikuwa tisa, zote za kijani, na hapakuwa na mtu awezaye kusema ipi ni ya nani.

Yeslam alibaki na muhuri kwa haki kabisa, na akaumia. Nyumba tisa ni watu aliokula nao na kuzikana nao. Alizihesabu mara mbili, akazifunga zile buni katika kitambaa, akaenda nyumbani bila ya kuaga, nami nikamfuata kwa sababu sikupenda alivyotembea. Manar alikuwa amekaa jikoni anachagua mchele. Yeslam akakifungua kile kitambaa mbele yake, akasema kwa sauti ya mtu aliyeibiwa, "Majirani tisa, Manar. Tisa!"

Manar alizitazama buni, akarudi kwenye sinia lake.

"Majirani ni wanane," alisema, akatoa jiwe katika mchele.